Naomba ushauri: mkate wa mayai hauivi katikati

Habari za asubuhi wapendwa. Naombeni msaada kwenye mkate wa mayai, ule wa haraka wa kuwapa watoto kabla gari la shule halijapiga honi.

Natumia mkate wa slesi, mayai 3, maziwa kikombe kidogo cha kahawa, chumvi na kitunguu kilichokatwa vidogo vidogo. Nachovya, nakaanga kwenye mafuta ya moto, jiko la gesi. Nje unapata rangi nzuri kabisa, ila ukiukata katikati yai bado linachuruzika, na kitunguu kimedondoka kinaungua pembeni. Kitinda mimba wangu anakula kingo tu. Inaniuma sana akienda shule na njaa.

Nimejaribu kupunguza moto: uliiva, lakini ulinyonya mafuta mpaka ukalegea. Mkate wa jana unashika vizuri zaidi, ila kwangu haulali.

Naomba kujua: kwa mayai hayo 3, maziwa nipunguze kiasi gani, au niyaache kabisa? Na nikiukausha mkate kwanza kwenye kikaangio kikavu kabla ya kuchovya, itasaidia? Tosta sina.

Asanteni sana.