MJADALA: Mhasibu wa SACCOS alazimishwe kwenda likizo, hata kama ni mwaminifu?

Mleta mada (Igoma)
Wana-Mwanza, swali hili linagawa wanachama kwenye vyama vyetu vya akiba na mikopo (SACCOS), kuanzia vya wafanyabiashara wa dagaa Kirumba hadi vya watumishi wa umma. Je, mhasibu na karani wa fedha walazimishwe kutoka ofisini siku 28 mfululizo kila mwaka, na kiti chao akalie mtu mwingine? Wanaopinga wanasema ni kumdhalilisha mtu anayefungua ofisi wa kwanza na kufunga wa mwisho. Mimi nasema walazimishwe, na hiyo ndiyo hoja ya kupigiwa kura. Leteni hoja, majina ya watu yaacheni.

Mkaguzi wa Pasiansi
Naunga mkono, na sababu yangu ni namna upigaji wenyewe unavyofanyika. Jumatatu mwanachama wa kwanza analeta rejesho la 500,000. Karani anamkatia risiti halali, fedha inaingia mfukoni, leja (daftari la hesabu ya kila mwanachama) haiguswi. Alhamisi wa pili analeta 500,000, nayo inaandikwa kwenye leja ya yule wa kwanza. Wiki inayofuata ya wa tatu inamfunika wa pili. Kila mtu ana risiti yake mkononi, hakuna anayelalamika. Pengo halizibwi, linahama jina tu.

Mtu mwenye pengo hili hawezi kulala msibani Sengerema hata usiku mmoja. Mgeni akikaa kwenye kiti ataandika rejesho kwa jina la aliyelipa, na aliyelipa wiki iliyopita ataonekana anadaiwa. Atakuja na risiti yake, na hapo ndipo kila kitu kinafumuka.

Kulikamata hakuhitaji utaalamu mkubwa. Chukua vishina vya risiti, yaani nakala zinazobaki kitabuni, vya miezi miwili, kisha pambanisha tarehe tatu: ya kishina, ya leja na ya hati ya kuweka fedha benki. Usiridhike kwa kuwa leja na benki zinakubaliana. Zitakubaliana tu, maana zote mbili zimeandikwa kutokana na fedha iliyobaki. Kishina ndicho kinachokataa.

Bi Nyegezi
Kaka Mkaguzi, hayo ya karani nayakubali. Lakini mnamwinda dagaa huku sangara anapita. Mkopo hewa, yaani wa mkopaji wa kubuni, haupitishwi na karani peke yake, unahitaji saini za kamati ya mikopo na meneja. Hao mnawapeleka likizo gani? Halafu SACCOS yenye waajiriwa wawili itamtoa wapi wa kukaimu? Matokeo yake watamkabidhi rafiki yake, naye atamtunzia siri mwezi mzima. Mimi ningeanza na kuajiri watu safi na kuwalipa mshahara unaotosha.

Malimbe, saikolojia
Dada Nyegezi, hapo kwenye "watu safi" ndipo watu wengi wanapokosea. Ripoti za ACFE, chama cha kimataifa cha wachunguzi wa udanganyifu, zinaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wanaokamatwa kwa wizi wa kazini hawakuwahi kuhukumiwa kwa kosa kama hilo. Cheti cha polisi cha tabia njema hakitawachuja.

Donald Cressey wa Marekani aliwahoji wafungwa walioiba fedha walizokabidhiwa, akachapisha matokeo mwaka 1953. Alikuta mambo matatu yakikutana: shida ya fedha ambayo mtu anaona hawezi kumwambia yeyote, kujua kwamba nafasi yake kazini inaweza kuitatua kimyakimya, na maneno ya kujitetea mbele ya nafsi yake. Maneno hayo huja kabla ya wizi. "Naazima tu, mwisho wa mwezi narudisha." Bila sentensi hiyo wengi wao wasingethubutu, kwa sababu bado wanajiona watu wema, wa kanisani au msikitini, wenye kuchangia harusi.

Tazama Nick Leeson, aliyenunua na kuuza mikataba kwenye masoko ya fedha kwa niaba ya benki ya Uingereza ya Barings, tawi la Singapore. Akaunti ya siri namba 88888 ilianza mwaka 1992 kwa kuficha kosa la mfanyakazi la pauni 20,000. Kufikia Februari 1995 hasara ilikuwa pauni milioni 827, na benki iliyoanzishwa mwaka 1762 ikafa. Alikuwa anafanya biashara na pia anasimamia uandikishaji wa biashara hiyohiyo. Ubaya wa moyo pekee hauelezi ukuaji ule. Siri ilikuwa na mlinzi mmoja, na hakuna aliyempokea zamu.

Mshahara mzuri unasaidia, lakini shida ya mtu anayecheza kamari ya mechi haina kiwango cha mshahara kinachoitosha.

Wakili, Nyakato
Kuhusu kudhalilisha: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 mfululizo. Ni haki yake, kwa hiyo kumpeleka likizo si kumdhalilisha. Msiigawe vipandevipande vya siku tatu tatu. Siku tatu pengo linavumilia.

Bi Nyegezi
Sawa, Wakili. Basi hoja iwe na kipengele cha pili, la sivyo kura yangu hamtaipata: ndani ya siku hizohizo 28, mikopo ya wajumbe wa bodi na ya ndugu zao ikaguliwe.

Mkaguzi wa Pasiansi
Nakubali, dada, na uko sahihi kuhusu mkopo hewa. Kaimu atoke nje ya ofisi, mfano mhasibu wa SACCOS jirani kwa makubaliano ya kubadilishana. Siku ya kwanza ahesabu fedha ya kwenye sefu mbele ya watu wawili, wote wasaini. Vitabu vya risiti ambavyo havijatumika navyo vihesabiwe kwa namba. Kisha kamati ya usimamizi ichague mikopo 30, ikianza na ya bodi, na iwapigie wakopaji kwa namba zilizo kwenye fomu ya kujiunga uanachama. Namba za fomu ya mkopo ziachwe, maana aliyebuni mkopo hewa ndiye aliyeziandika. Wadhamini nao waulizwe kama wanaifahamu saini yao. Fomu isiyo na anayeipokea simu, wala mdhamini anayeikubali, ipelekwe moja kwa moja kwa mrajisi msaidizi wa vyama vya ushirika wa mkoa. Isirudi kwa meneja kwanza.

Mleta mada (Igoma)
Nimeongeza kipengele cha Bi Nyegezi. Bado kuna swali la gharama ya kaimu: ilipwe kutoka fungu gani, maana bajeti nyingi za SACCOS hazina mstari huo?