Tupeane uzoefu: kupamba nguo nyumbani kwa stensili na rangi ya kitambaa

Kitambaa_Safi:
Wakuu, uzi huu ni wa wanaopamba tisheti, mifuko ya nguo na foronya kwa stensili, yaani karatasi au plastiki iliyokatwa matundu ya umbo unalotaka. Tupeane uzoefu wa kazi yenyewe: vipimo, muda, na kwa nini kazi huharibika. Naanza na kitambaa.

Nguo mpya ifuliwe kwanza kwa sabuni. Hutoka kiwandani na dawa ya kuikakamaza, na rangi iliyoshika juu ya dawa hiyo huondoka nayo ikifuliwa. Halafu pamba hunywea ikifuliwa mara ya kwanza. Ukiichora kabla, kitambaa kitanywea na rangi itabaki na mikunjo. Usitie kilainishi, kwa sababu huacha utando unaozuia rangi kuzama. Kipimo chepesi: dondoshea tone moja la maji. Likizama papo hapo, kitambaa kiko tayari. Likikaa juu kama shanga, rudia kufua.

Pamba tupu na kitani ndivyo vinavyopokea vizuri zaidi. Mchanganyiko wenye nusu pamba unafaa. Kwenye poliesta tupu rangi nyingi za kawaida hukaa juu juu, hivyo tafuta chupa iliyoandikwa wazi kuwa inafaa poliesta.

Wembe_Mpya:
Nichangie upande wa stensili. Ya kutumia mara nyingi ikatwe kwenye plastiki ngumu inayoonyesha. Filamu ya zamani ya eksirei inafaa sana, haivimbi na inaoshwa. Ya kutumia mara moja, karatasi inatosha.

Kata juu ya kioo au ubao wa kukatia. Anza na matundu madogo, malizia na makubwa, maana ukianza na makubwa karatasi inalegea na madogo yatachanika. Kwenye kona za mviringo zungusha karatasi, mkono wenye kisu ubaki palepale. Wembe ukianza kuvuta nyuzi za karatasi, badilisha. Ukingo wenye manyoya hutoa mchoro wenye manyoya.

Herufi A, B, D, O, P, Q na R, pamoja na tarakimu 0, 4, 6, 8 na 9, zina kisiwa katikati, yaani kipande kilichozungukwa na tundu pande zote. Usipoacha daraja, yaani kijipande kinachokishikilia kwenye stensili, kisiwa kinadondoka na O inakuwa duara lililojaa. Daraja la milimita 3 linatosha kwa herufi ya kawaida; jembamba zaidi ya hapo litakatika sponji ikilipiga.

Pasi_Kavu:
Kwa mchoro wa mara moja hakuna kinachoshinda karatasi ya kufungia vyakula vya friza, ile yenye utando wa plastiki upande mmoja. Upande unaong'aa uelekee kitambaa, kisha piga pasi kavu ya joto la kati, sekunde 5 hadi 10 kila sehemu, ukikazia kingo. Utando unalainika na kushika nyuzi, halafu unabanduka bila kuacha gundi. Faida yake nyingine ni kwamba huhitaji madaraja: unabandika kisiwa cha O peke yake mahali pake.

Msiichanganye na karatasi ya nta. Nta huyeyuka, huingia kwenye kitambaa, na rangi haishiki tena hapo.

Ndani ya tisheti weka kadibodi iliyofunikwa na plastiki, la sivyo rangi itapenya hadi mgongoni. Kadibodi isiivute nguo. Tisheti ikichorwa ikiwa imevutwa, ukiiachia inajirudi na duara linakuwa yai.

MkonoMwepesi:
Sasa tufike kwenye rangi, maana hapa ndipo lawama nyingi huangukia pasipostahili. Watu husema rangi ni mbaya kwa sababu imevuja chini ya stensili. Mara nyingi kilichovuja ni wingi wake. Chovya ncha ya sponji tu, kisha igonge kwenye kipande cha boksi mpaka iache alama ya vitone badala ya bwawa. Ndipo uende kwenye nguo.

Gonga wima, juu na chini. Usifagie. Ukifagia unasukuma rangi chini ya ukingo na kuinua zile ncha nyembamba za stensili. Anzia juu ya stensili yenyewe ukiingia ndani ya tundu, kamwe si kutoka katikati kwenda nje. Paka koti (tabaka za rangi) 2 au 3 nyembamba, kila moja isubiri dakika 20 hadi 30 ikauke kwa kugusa. Koti moja nene hukauka juu huku chini kukiwa bado kubichi, nayo ndiyo hupasuka baadaye.

Rangi ikiwa nzito usikimbilie maji. Maji husafiri kwenye nyuzi na kubeba rangi nje ya mstari. Ukitumia akriliki ya kawaida, changanya na kilainishi chake cha kitambaa (kimiminika cha kuchanganya na akriliki, si kile cha kufulia). Kipimo kinachotumika sana ni sehemu 2 za rangi kwa 1 ya kilainishi, ila chupa ikisema vingine ifuate. Bila hicho mchoro unakuwa mgumu kama gamba.

Wembe_Mpya:
Nyongeza: kwenye nguo nyeusi, rangi inayopitisha mwanga inamezwa. Tanguliza koti la nyeupe isiyopitisha mwanga, likauke kabisa, halafu rangi unayoitaka.

Pasi_Kavu:
Stensili ibanduliwe lini? Kwa karatasi ya pasi nashauri rangi ikauke kwanza.

MkonoMwepesi:
Hapo tunatofautiana kidogo mkuu. Koti zikiwa nyembamba, sawa, subiri. Rangi ikiwa nene, au stensili ikiwa ya stika, bandua ikiwa bado na unyevu kidogo, kwa sababu utando mkavu huunganisha nguo na stensili na ukivuta unang'oa ukingo. Kwa vyovyote vuta polepole, ukiikunja karatasi ijilalie mgongoni mwake, usiiinue wima.

Kitambaa_Safi:
Kuhusu kukaza rangi: acha saa 24, kisha pasi ya joto la pamba, bila mvuke, juu ya kitambaa chembamba au kwa upande wa ndani. Dakika 3 hadi 5 kwa kila eneo, pasi ikitembea muda wote. Kama kuna poliesta ndani yake, punguza joto na ongeza muda. Mvuke unaharibu kazi kwa sababu unarudisha maji kwenye rangi ya maji. Baada ya hapo kaa siku 3 au zaidi kabla ya kufua. Ukifua, geuza nje ndani, maji ya baridi, bila dawa ya kung'arisha.

Wembe_Mpya:
Tone likianguka pasipotakiwa, usilifute, utalipanua. Linyonye kwa kitambaa kikavu, kisha pitisha maji ya baridi na sabuni kutokea upande wa ndani, rangi isukumwe irudi ilikotoka. Likishakauka halitoki tena. Hapo kata stensili ndogo, jani au nyota, ulifunike nalo, na rudia umbo hilo sehemu nyingine 2 za nguo ili lionekane limepangwa.