Uzi: Mambo yalipogeuka, ulimtumainije Mungu kabla hayajakaa sawa? Tupeane uzoefu

KisasaDom (mwanzisha uzi)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Shuhuda nyingi tunazosikia kanisani huanzia mwisho: sikuwa na kazi, leo nina nyumba na gari, mpigieni Bwana makofi. Sina ugomvi nazo. Ila kati ya kukosa kazi na kupata gari kuna miezi ambayo hakuna anayeisimulia, na humo ndimo tuliomo wengi. Nataka hiyo miezi. Kazi ilipokwisha, ulipohamishwa, ulipofiwa, kanisa lilipobadilika, ulisalije wakati hujui kitakachofuata?

Naanza mwenyewe. Mimi ni mtumishi wa umma. Habari za makao makuu kuhamia Dodoma zipo tangu 1973, kwa hiyo Julai 2016 Rais Magufuli aliposema serikali yote inahamia, ofisini kwetu watu walicheka. Waziri Mkuu alipohamia kweli Septemba ileile, kicheko kikakatika. Zamu yetu nayo ikafika. Mke wangu ana duka Tabata, watoto wako shule, mama mzazi anahudhuria kliniki Dar. Nikaja peke yangu, nikapanga chumba Nkuhungu. Vumbi, upepo wa kiangazi, maji ya chumvi ambayo sabuni haitoi povu. Jumapili nilikuwa nakaa benchi la nyuma na kuondoka kabla ya matangazo, maana kichwani mwangu kanisa langu lilikuwa bado Dar.

Kilichonigeuza ni Yeremia 29. Mstari wa 11 kila mtu anao, umeandikwa mpaka kwenye kalenda na vitenge: "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi." Wa 10 hauandikwi popote, na ndio unaosema miaka sabini. Ile ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na sura moja nyuma kuna nabii Hanania aliyewaahidi kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka watakuwa wamerudi. Nilikuwa na Hanania wangu moyoni: kila bajeti ikisomwa ananiambia mwaka huu mtarudishwa. Yeremia yeye anawaambia jengeni, pandeni bustani, oeni, uombeeni mji mliomo. Nikajiunga na kwaya ya hapa. Baadaye nikanunua kiwanja.

Sisemi yote yametulia. Mke bado yuko Dar na duka lake, na hilo tumekubaliana. Tangu treni ya SGR ianze 2024 angalau silali tena kwenye basi. Kama ni Mungu aliyehamisha wizara au ni siasa tu, hilo nimeacha kulichunguza.

Karibuni.

Furaha_ya_Bwana

Amina mtumishi, umenigusa hapo kwa Hanania. Nafuatilia uzi.

MamaUsharika

Mwanangu KisasaDom, pole na hongera. Mimi ni mke wa mchungaji wa Kilutheri, kwa hiyo kuhamishwa nakujua.

Watu wanafikiri mama mchungaji anazaliwa na moyo wa kuhama. Barua inakuja kwa baba mchungaji, anaisoma, anapiga magoti, anasema Bwana ametuita. Barua yenyewe haina jina langu. Mwenye kibarua, kikundi cha VICOBA na mtoto wa darasa la saba ni mimi.

Uhamisho ulioniuma ni wa kushuka kutoka mlimani kwenda tambarare. Mlimani nilikuwa na migomba imeanza kuzaa, na ng'ombe mmoja wa maziwa. Migomba huwezi kupakia kwenye fuso. Tuliposhuka ni joto, mbu, na washarika wachache wanaohamahama kufuata vibarua vya mashambani. Mlimani, mnada baada ya ibada ni ndizi mikungu kwa mikungu, mayai, jogoo. Huku Jumapili nyingine unanadiwa mkungu mmoja tu, na wananunua walewale wawili.

Nilimkasirikia Mungu. Naandika hivyo kwa sababu dada zangu wengi wake wa wachungaji hawana pa kulisema. Sikuacha kusali, ila sala yangu ilikuwa fupi kama ya mtu aliyenuniana na baba yake: shikamoo, naomba chakula, kwaheri. Hali hiyo ilichukua karibu mwaka.

Kilichosaidia ni kitu kidogo. Uani kwa ile nyumba ya usharika kulikuwa na mipapai. Wanangu wakawa wanakula kila siku, mpaka nikauliza nani aliipanda. Ni mama aliyenitangulia, naye alihamishwa kabla haijazaa. Nilimpigia simu kumshukuru, tukaongea saa nzima, tukalia na kucheka. Akaniuliza swali ambalo nimeishi nalo: "Je, na wewe migomba yako umemwombea anayeila?" Sikuwa nimemwombea.

Nyongeza kwa dada zangu: kumtumaini Mungu hakukuzuii kuomba. Uhamisho uliofuata niliwaambia wazee na uongozi kwamba mtoto amalize mtihani kwanza. Wakakubali. Ningekaa kimya kwa jina la utii, mtoto angehamishwa katikati ya mwaka.

SinaSadaka

Nitaharibu hali ya hewa kidogo, mnisamehe.

Hii lugha ya "pokea mabadiliko, mwamini Mungu" mimi imewahi kutumika kuninyamazisha. Nilipunguzwa kazini bila kulipwa stahiki zangu. Nikaenda kwa kiongozi wangu wa kiroho wa wakati ule, kanisa silitaji. Akaniambia Mungu anafunga mlango huu afungue mwingine, nisishindane, tena nipande mbegu, yaani nitoe sadaka, kwa kile kidogo kilichobaki. Nikapanda. Kodi ya nyumba ikanikuta.

Aliyenisaidia ni jirani Mwislamu, aliyeniuliza swali la kawaida kabisa: umeshapeleka malalamiko CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi? Sikujua hata kwamba ukiachishwa una siku 30 tu za kupeleka shauri. Nilikuwa nimebakiza chache. Nililipwa, si yote.

Naamini bado. Nasali nyumbani na kwenye kanisa dogo ambalo halina skrini wala mitume. Lakini nikisikia "achia tu, mwachie Mungu" nauliza kwanza: nani ananufaika nikiachia?

KisasaDom

SinaSadaka, hujaharibu kitu, na hilo la siku 30 wengi humu hawalijui. Hata Paulo alipokuwa karibu kuchapwa viboko aliuliza, je, ni halali kumpiga Mrumi? Na alipoona Festo anataka kumpeleka Yerusalemu, akakata rufani kwa Kaisari. Huyohuyo ndiye aliyeandika kwamba amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo. Sioni mgongano.

Tichaa_Kitale

Hamjambo nyote, nawasalimu kutoka Kenya.

Mimi ni mwalimu wa shule ya kibinafsi. Machi 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya korona, na mwezi uliofuata mshahara haukuja. Nikaanza kufuga kuku wa kienyeji. Kideri kikaingia bandani, nikazika kuku wengi kuliko niliouza. Lakini si kuku nilitaka kuwaambia, ni mamangu.

Makanisa yaliporuhusiwa kufunguliwa Julai mwaka huo, masharti yalikuwa watu wasiozidi mia, ibada ya saa moja, na walio chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 wasije. Mamangu ana sitini na kitu, ni mzee wa kanisa, na funguo za kanisa hukaa kwake. Basi Jumapili asubuhi anaenda anafungua mlango, anahakikisha ndoo ya maji na sabuni vipo, kisha anarudi nyumbani, kwa sababu kuketi ndani haruhusiwi. Nilimwona akirudi na kitambaa chake cha Woman's Guild, chama cha akina mama kanisani, kichwani. Ilinikata maini kuliko kukosa mshahara.

Tulimwekea ibada kwenye simu. Yeye anaielekeza juu, kwa hivyo wenzake wote wanaona mabati ya jikoni. Sadaka kwa M-Pesa alikataa katakata kwa muda mrefu, anasema sadaka lazima uibebe. Akachoka na simu. Akaanza kuwaita wajane wawili watatu wa jirani, wanaketi nje chini ya mwembe, mbalimbali, wanasoma Zaburi kwa zamu. Mmoja hajui kusoma, kwa hivyo yeye zamu yake ni kuomba.

Sasa masharti yaliisha kitambo. Mama amerudi kanisani na funguo zake, lakini ile Alhamisi ya mwembeni hajaiacha, na imekuwa kubwa. Mchungaji alipouliza iwekwe chini ya kamati gani, akamwambia aiache kwanza.

Mimi nilirudi darasani Januari 2021. Kuku ninao bado, wachache, na wamechanjwa.

MwanaFizi

Shalom wapendwa. Mimi ni mtu wa Fizi, Kivu ya Kusini. Nilikulia kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, Kigoma. Kambi ile ilifunguliwa 1996 kwa sababu ya vita, na wazazi wetu walidhani ni ya muda mfupi. Mimi nilisoma mule, nikabatizwa mule, nikaoa mule.

Sasa niko Kentucky, Marekani, na mke na watoto. Kazi ni ghala, zamu ya usiku. Kwaya yetu ya Kiswahili inaabudu saa za alasiri katika kanisa la Wamarekani, wao wakishamaliza. Watoto wananijibu Kingereza. Hayo mabadiliko nayamudu.

Nisiyoyamudu ni ya dada yangu. Alibaki kambini na kesi yake peke yake ya kuletwa huku Marekani. Mahojiano alipita, afya alipita, akauza vyombo, akagawa shamba la mchicha. Safari yake ilikuwa mwisho wa Januari 2025. Rais mpya wa Marekani akasimamisha mpango wa kupokea wakimbizi wiki ileile aliyoapishwa, na tiketi ikafutwa. Mtu ameshaaga kanisa zima, wamemwimbia, wamemwombea, halafu kesho yake yuko palepale kisimani na ndoo ya kuazima.

Watu hapa wananiambia mpango wa Mungu ni bora. Huenda. Mimi kwa simu siwezi kumwambia dada maneno hayo, mdomo unakataa. Tunachofanya: kila Jumamosi nampigia, anasoma Zaburi ya 13, "Ee Bwana, hata lini," mimi nasoma mistari miwili ya mwisho, tunakata. Wiki nyingine anasema leo soma wewe ile ya "hata lini," mimi nimechoka nayo. Basi tunabadilishana.

Sina mwisho wa kuwapa. KisasaDom umesema unataka katikati, hii ndiyo katikati.

MamaUsharika

MwanaFizi mwanangu, nimesoma nikasimama kidogo. Sitakuandikia aya. Kama dada ana simu na ataridhia, nitumie namba yake faragha, tumsalimie sisi akina mama. Na hivyo vyombo alivyouza, tuone.

Mkatoliki_Mnyamavu

Nachangia kidogo kutoka upande wetu. Mtakatifu Ignas wa Loyola, aliyekuwa askari mpaka mzinga ulipomvunja mguu mwaka 1521, ana ushauri ambao padri wetu huurudia kwenye mafungo: unapokuwa katika huzuni na giza la moyo, usibadilishe uamuzi uliofanya ulipokuwa na amani. Mimi nilitaka kuvunja ndoa msimu tuliozika mtoto. Sikuivunja. Simshauri kila mtu, maana kuna ndoa za kipigo na huko ni kukimbia tu. Yangu haikuwa hivyo.

MstaafuMtarajiwa

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Natimiza miaka 60 mwakani, nastaafu kwa lazima. Maisha yangu yote nimepangiwa ratiba na kengele ya shule. Mke anataka turudi kijijini Njombe tukalime parachichi, vijana wanasema baki mjini. Marafiki kanisani wameshaanza kuniletea mawazo ya biashara kabla hata mafao hayajatoka, na kila wazo limefunuliwa na Roho. Nasali, sipati jibu. Mlioko mbele yangu mnasemaje?

SinaSadaka

Shikamoo mwalimu. Usimkopeshe mtu aliyefunuliwa.

MamaUsharika

Kaka, nendeni Njombe na mke wako mkakae msimu mmoja kabla ya kuhamisha vitu, hasa Juni na Julai kwenye ile baridi. Parachichi linachukua miaka kabla ya kuvunwa, kwa hiyo mkiamua, miche itangulie kuliko ninyi. Na mjini usivunje nyumba wala kuuza kwa mwaka wa kwanza.

MstaafuMtarajiwa

Ahsante dada. Mke amesoma, anasema huyo mama ana akili, na anauliza miche aina gani, Hass au Fuerte?