Mdogo wangu ana saratani ya puru akiwa na miaka 34: je, ujana unampunguzia nafasi ya kupona?

Dada wa Uyole

Mdogo wangu wa kiume ni mkulima wa viazi hapa Uyole. Alipata choo chenye damu kwa miezi minane, na kila alipokwenda kutibiwa aliambiwa ni bawasiri, akapewa dawa ya kupaka. Hatimaye daktari mmoja alimpima kwa kidole akagusa uvimbe; kinyama kilipochukuliwa, ikabainika kuwa ni saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Picha zinaonyesha imefika kwenye tezi za jirani, lakini si kwenye ini wala mapafu. Anatakiwa aende hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa mionzi kabla ya upasuaji. Jirani ametuambia kwamba saratani ikimpata kijana haiponi, naye sasa anasema heri fedha zibaki kwa wanawe. Naombeni ukweli.

Muuguzi, Iringa

Pole sana, dada. Ni kweli kwamba vijana wengi hugunduliwa ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa, kwa sababu wao wenyewe, na hata sisi watoa huduma, hatuifikirii saratani tunapomwona mtu wa miaka thelathini na kitu. Lakini wakilinganishwa wagonjwa walio katika hatua moja ya ugonjwa, vijana kwa jumla hawana nafasi ndogo ya kupona kuliko wazee, na miili yao huhimili matibabu vizuri zaidi. Nchini Marekani, ugonjwa ukiwa bado ndani ya puru, takribani watu 90 kati ya 100 huwa hai baada ya miaka 5. Ukifika kwenye tezi, ni zaidi ya 70. Ukifika kwenye ini au mapafu, hawafiki 20. Huko mashine ni nyingi kuliko kwetu, nakiri, ila kinachoamua ni hatua ya ugonjwa, na mdogo wako hajafika ya mwisho. Asikae nyumbani.

Mionzi hutangulia ili kusinyaza uvimbe na kupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi palepale nyongani. Kama bado anatamani watoto, aulize mapema kuhusu kuhifadhi mbegu, maana mionzi ya nyonga huweza kuharibu uzazi. Wengi huona haya kuuliza, na baadaye huwa wamechelewa.

Nawe pia, dada: ndugu wa mgonjwa wa umri huo hushauriwa kuchunguzwa utumbo mpana kwa kamera miaka 10 kabla ya umri aliogundulika nao, yaani tangu miaka 24. Je, kuna mwingine katika ukoo wenu aliyeugua hivi?

Mkazi wa Makambako

Mimi nilipasuliwa nikiwa na miaka 41, na huu ni mwaka wa sita. Natumia mfuko wa choo tumboni. Nilikaribia kukataa upasuaji kwa sababu ya mfuko huo, lakini leo nalima na kukaa kanisani na wenzangu bila mtu kutambua. Kama atapenda kuuona, niko tayari kuja Uyole. Mionzi yangu ilichukua wiki tano, kila siku isipokuwa Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo tafuteni mwenyeji Dar es Salaam kabla hamjakata tiketi.

Dada wa Uyole

Asanteni sana. Swali la muuguzi lilinifanya nimpigie mama. Baba alifariki akiwa na miaka 45, nami nikiwa darasa la sita, tukaambiwa ni tumbo. Leo mama amesema alikuwa akitoa damu chooni mwaka mzima. Mdogo wangu amekubali kwenda. Tunaondoka pamoja Jumatatu, nami nitaomba nipimwe hukohuko. Ndugu wa Makambako, tafadhali njoo kabla ya Jumapili.