Uvuvi wa uduvi wa Antaktika: upigwe marufuku au la?

Wa Umoja: Msiseme Antaktika ni mbali na Nairobi. Nyangumi wa nundu tunaosafiri kwenda kuwatazama Watamu kati ya Julai na Septemba hutoka huko, na wakiwa pwani yetu karibu hawali kitu. Wanaishi kwa mafuta waliyojaza mwilini kwa kula krili, uduvi wa urefu wa kidole. Sasa meli zinauvua uduvi huohuo kwa chakula cha samaki wa kufugwa na vidonge vya mafuta. Nasema zisimamishwe.

Nyangumi ameumbwa na chakula chake. Miaka milioni 50 iliyopita mababu zake walitembea kwa miguu minne huko Pakistani. Hadi leo ndugu yake wa karibu ni kiboko. Antaktika ilipojitenga, mkondo baridi ukaizunguka, barafu ikatanda, rutuba ya kilindini ikapanda na uduvi ukastawi. Wapo walioacha meno wakaota vichujio mdomoni. Na ule ukubwa wa nyangumi wa buluu, mita 30, unatafutiwa asili katika miaka milioni 5 ya mwisho, barafu ilipozidi na chakula kikajikusanya mafungu mazito mahali pachache. Mwili ule haushibi uduvi uliotawanyika.

Mfugaji wa Ruiru: Dada, tazama hesabu. Kikomo cha kuvua uduvi Atlantiki ya kusini ni tani 620,000 kwa mwaka. Uduvi uliopo huko unakadiriwa tani milioni 60. Asilimia 1 hivi! Halafu kumbuka Loperot, Turkana: mwaka 1964 ulipatikana mfupa wa nyangumi wa miaka milioni 17, kilomita 740 kutoka baharini. Alipanda mto. Nchi ikainuka, misitu ikawa nyika, na ukoo wake bado upo.

Wa Umoja: Ukoo wake upo, kaka, lakini jamaa zake wa leo huzamia ngisi, hawategemei uduvi. Na asilimia 1 hiyo haivuliwi kote. Meli hufuata fungu, palepale nyangumi wanapokula. Mwaka 2025 kikomo kilifikiwa, msimu ukafungwa kabla ya wakati. Turkana iliinuka kwa mamilioni ya miaka. Meli huvua fungu la uduvi ndani ya msimu mmoja.

Mama Eastleigh: Basi kwa nini meli zisisukumwe mbali na Rasi ya Antaktika, zivue kwenye bahari wazi? Wafugaji wa samaki wana familia pia.

Mfugaji wa Ruiru: Hilo nalikubali. Marufuku, hapana.