Kidoa chekundu chini ya jicho la mtoto: ningoje kifutike?

BintiLangoni
Asalaam aleikum. Mtoto ana wiki 6, kilo 4. Alizaliwa hana alama. Wiki ya pili kikatoka kidoa chini ya jicho, sasa kimeinuka kama punje ya kunde. Nyumbani wasema nipake liwa, kitaondoka chenyewe.

Mkunga_Mokowe
Waaleikum salaam, mwanangu. Hiyo yaonyesha ni hemanjioma, uvimbe wa mishipa ya damu. Hukua mbio kati ya wiki ya 5 na ya 8, na kupungua huanza karibu na mwaka mmoja. Kingekuwa mgongoni ningekwambia ungoje. Chini ya jicho, hapana: kikiisukuma kope, jicho halioni sawasawa na ubongo hulizoea kulipuuza. Nenda wiki hii, usingoje chanjo ya wiki ya 10. Piga picha kila Ijumaa, sarafu ya shilingi kando yake, daktari aone kasi.

Liwa wacha. Ikikauka huvuta ngozi, nayo hapo ni nyembamba. Kikitoka damu, bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia.

Mfamasia_Malindi
Huenda akaandikiwa propranolol ya maji. Ni dawa ya moyo. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, ndio waliotangaza kuwa hupunguza uvimbe huu. Huanza kwa miligramu 1 kwa kila kilo kwa siku, ikapandishwa hadi 2 au 3, kwa miezi 6 au zaidi. Kwa wako ni miligramu 2 asubuhi, 2 jioni. Msitwange kidonge nyumbani! Kimoja cha miligramu 40 ni dozi yake ya siku 10.

Kwanza asikilizwe moyo na kifua. Mtoto mdogo hivi mara nyingi huanzishiwa wodini. Mpe akinyonya, kwani dawa hushusha sukari. Akikataa titi, akitapika au akikorota kifua, ruka dozi na umpigie daktari. Akilegea na kutoka jasho baridi, hospitali papo hapo.

PwaniKwetu
Na baka bapa la tangu kuzaliwa?

Mkunga_Mokowe
La zambarau halifutiki, hukua na mtoto. Tiba yake ni leza. Likishika kipaji na kope ya juu, apimwe presha ya jicho, na muangalie degedege.

BintiLangoni
Shukran. Dozi ni hiyo hiyo miezi yote?

Mfamasia_Malindi
La. Apimwe uzito kila kliniki, hesabu ibadilishwe.