Viazi mviringo kwa Kiingereza: "round", "Irish" au "potato" tu?

MkulimaUyole: Wakuu, naandaa lebo za Kiingereza za magunia ya viazi mviringo na ya mbegu. Mmoja kaniambia "round potatoes", mwingine "Irish potatoes". Ipi sahihi? Na viazi vya Mbeya vina undugu gani na Ireland?

Kamusi_Iringa: Andika "potatoes", basi. "Round potatoes" ni Kiswahili kilichovalishwa Kiingereza. Hapa nchini tunaelewana, ila mgeni atadhani unasifia umbo.

"Irish" si kosa. Liliongezwa kukitenga na kiazi kitamu, ambacho ndicho mwenye jina wa kwanza. "Batata" lilikuwa neno la Wataino wa visiwa vya Karibi, na kwao ni kiazi kitamu. Wahispania wakalibeba, Waingereza wakalifanya "potato" karne ya 16. Kiazi mviringo kikaja baadaye kutoka milima ya Andes, kikapewa jina hilohilo, na mwishowe kikalimiliki. Mwenyewe akabaki kuitwa "sweet potato"! Ireland ilikitegemea tu, hadi ukungu uleule unaounguza majani huko kwenu Umalila, Mbeya, ulipoleta njaa kuu ya kuanzia 1845.

Mpwani_Mafinga: Ndiyo maana pwani tunasema mbatata. Ni neno lilelile, sisi lilitufikia kwa Wareno.

Mhariri wa Njombe: Mkuu, angalia zaidi lebo ya mbegu. Ni "seed potatoes", usigeuze ikawa "potato seeds". Hizo za pili ni punje ndogo zilizomo kwenye vitunda vya kijani, mfano wa nyanya changa, vinavyotoka baada ya maua. Mnunuzi atategemea pakiti ya punje, wewe unamshushia gunia.

Wingi una e: potatoes. Umoja hauna. Mwaka 1992 Dan Quayle, makamu wa rais wa Marekani, alimwambia mwanafunzi aongeze e kwenye umoja, dunia ikamcheka. Parachichi, kwa kawaida, ni "avocados" bila e. Usiulize kwa nini, Kiingereza ndivyo kilivyo.

Neno hili likitangulia nomino nyingine libaki umoja: "potato farm", "potato bags". "Potatoes farm" nimeiona kwenye mabango mengi mno.

MkulimaUyole: Asanteni. Na uzito, "50 kgs"?

Mhariri wa Njombe: "50 kg". Kifupisho hicho hakiwekewi s, hata iwe tani nzima.